Kutoka Pamba hadi Kitambaa: Historia Fupi ya Nguo nchini Uganda

Utangulizi

Wanafunzi wetu wengi hulifahamu neno mitumba kabla ya kufika darasani. Lakini maneno kusokota, kufuma, jora na robota hatuna budi kuwafundisha upya. Katika makala haya tunanuia kuonyesha kwamba upungufu huo si wa msamiati tu. Una historia yake, nayo ni historia ya nchi iliyolima pamba kwa zaidi ya karne moja, lakini ikajifumia nguo kwa wingi kwa muda mfupi tu.

Kitambaa kabla ya pamba

Kabla ya nguo za pamba kuenea, Waganda walivaa lubugo, vazi linalotengenezwa kwa kuponda gome la mti uitwao mutuba. Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara kutoka Zanzibar walifika kwa Kabaka wakitafuta pembe za ndovu. Walileta shanga, bunduki na vitambaa, kikiwamo merikani, kitambaa cha pamba kilichopewa jina hilo kwa sababu kilitoka Marekani. Hivyo basi, Kiswahili na kitambaa cha kigeni viliingia Buganda kwa njia moja.

Pamba bila nguo

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1903, Kenneth Borup wa Uganda Company aligawa mbegu za pamba. Waingereza walitaka malighafi kwa viwanda vya Lancashire na mizigo ya kuilipia reli gharama zake. Mwaka 1912 ikafunguliwa reli ya Jinja hadi Namasagali, iliyosafirisha pamba ya Busoga na ya kaskazini.

Baadaye viwanda vya Bombay vikawa wanunuzi wakubwa. Pamba ilichambuliwa hapa, ikafungwa marobota na kusafirishwa. Nguo zikaletwa kutoka nje. Katika miaka ya 1930 nyingi zilitoka Japani, kwa kuwa mikataba ya Bonde la Kongo iliwazuia Waingereza kuzipendelea bidhaa zao kwa ushuru katika Afrika Mashariki.

Mkulima alilipwa bei ya pamba mbichi pekee. Si ajabu kwamba katika ghasia za mwaka 1949 mojawapo ya madai yalikuwa wakulima waruhusiwe kuchambua pamba yao wenyewe.

Enzi ya Jinja

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1950. Shirika la Maendeleo la Uganda (UDC) liliundwa mwaka 1952, na bwawa la Owen Falls likafunguliwa mwaka 1954. Jinja kikajengwa kiwanda cha Nyanza Textile Industries (NYTIL), kwa ushirikiano na Calico Printers Association ya Manchester. Umeme ulikuwa karibu, pamba ilikuwa karibu, na soko la pamoja la Afrika Mashariki lilikuwa wazi. Kwa mara ya kwanza pamba ya Uganda ilisokotwa, ikafumwa na kutiwa rangi nchini kwa kiwango cha kiwanda kikubwa.

Hata hivyo, kila nchi jirani ilitaka viwanda vyake. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968. Soko la Jinja likaanza kubana.

Kuanguka

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia. Miongoni mwao walikuwamo wenye viwanda vya kuchambulia pamba, wafanyabiashara na mafundi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Vipuri vikakosekana, na wakulima wakageukia mazao ya chakula. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Uganda ilivuna zaidi ya marobota 400,000 kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno hayakufikia hata moja ya kumi ya hayo.

Mwaka 1994 sheria mpya iliondoa ukiritimba katika biashara ya pamba, na baadaye NYTIL ikabinafsishwa. Mpango wa AGOA wa Marekani, ulioanza mwaka 2000, ulileta matumaini. Lakini uliziruhusu nchi nyingi za Afrika kushona nguo kwa vitambaa vilivyoagizwa kutoka kwingineko, hivyo ajira za cherehani hazikuwa lazima ziamshe ufumaji. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya waliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ilipotishia kuziondolea nafuu za AGOA, Uganda, Kenya na Tanzania zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hizo kwa upande wa nguo.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba kati ya pamba na shati pana kazi nyingi, na anayezifanya ndiye hupata sehemu kubwa ya faida. Lugha yetu ina kitenzi kwa kila hatua: kupanda, kuvuna, kuchambua, kusokota, kufuma, kutia rangi, kukata, kushona. Tunapendekeza walimu wavifundishe kwa mfululizo huo, kisha wawaulize wanafunzi kila kazi ilifanyiwa wapi mwaka 1910, mwaka 1965 na leo. Somo hilo la msamiati litawaonyesha pia ni kazi zipi zilizokuwa za wazazi wao na ambazo wao wenyewe wanaweza kuzidai tena.