Sanduku Nyekundu ya Wamama wa Soko

Leo nilitaka kuandika juu ya muhogo, maana ndiyo kazi niliyosomea. Nilikuwa ninatafuta bei za unga za zamani, mama yangu hapa Walungu akanitolea kaye yake moja ya miaka iliyopita. Sikuona bei. Niliona orodha: wa makala franka 200, wa sambaza franka 200, wa kasiksi franka 200, wa mandazi hakuleta. Chini kabisa, kwa bik nyekundu: "Imetoka ya maternite."

Nilijua ni nani. Ni shangazi yangu. Alikuwa amezaa vizuri, lakini hospitali ilikatalia kumwachilia mpaka alipe deni. Alilala pale siku 11 na mtoto wake, akiwa mzima. Wamama wa soko njo walimtoa. Mimi nilikuwa Bukavu ninasoma, na miaka yote hiyo nilifikiri ni projeti fulani ilimlipia. Tuko na hiyo tabia: mwanamuke akisaidiwa, tunatafuta gari yenye bendera.

Sasa, hiyo pesa ilitoka wapi? Tuanzie mbali kidogo.

Wazee wetu wa Bushi akiba yao ilikuwa ng'ombe. Kisha miaka ya 1970 na 1980 kooperative za akiba na mkopo zikaenea katika Kivu, watu wakaanza kuamini karatasi. Karatasi ikawasaliti. Mwaka wa 1993 zaire milioni 3 zikageuka zaire mpya 1. Mwaka wa 1998 zaire mpya 100.000 zikageuka franka 1. Pigeni hesabu: franka moja ya Kongo ni zaire za zamani bilioni 300. Mtu aliyeweka pesa ya kujengea nyumba hakubaki hata na ya kununua chumvi. Wakati huo huo vita ya 1996 na ile ya 1998 zikamaliza ng'ombe. Waliporwa usiku, wakavushwa msitu. Na vita "kuisha" mwaka wa 2003 ilikuwa kwenye radio tu. Kule Kaniola mwezi wa tano 2007 watu bado walikuwa wanauawa usiku ndani ya nyumba zao. Halafu ugonjwa wa mozaiki ukakausha muhogo, na mnyauko ukaingia katika migomba. (Haya mawili ningeweza kuyaandikia kurasa kumi, lakini siyo leo.)

Kwa hiyo: benki hakuna, ng'ombe hakuna, shamba linaogopesha. Kilichobaki ni beseni. Mama anashika murongo mbili za maharagi, anakwenda Mugogo, anauza, anarudi na sambaza, anauza tena mbele ya nyumba. Wanaume wengi waliita hiyo "kazi ya kujisumbua". Hiyo kazi ya kujisumbua njo ilitusomesha.

Likelemba ilikuwako zamani: leo tunakupa wewe, kesho yule. Lakini likelemba haijui ugonjwa. Kama zamu yako iko mwezi wa kumi na mtoto anaumwa mwezi wa tatu, utangojea. Baada ya vita ndiyo tukaanza kusikia MUSO, yaani mutuelle de solidarité, na AVEC. Hii AVEC ilizaliwa mbali, kule Maradi, nchi ya Niger, mwaka wa 1991, kati ya wanawake wasiojua kusoma, pamoja na shirika CARE. Mashirika yalileta mbinu hizo hapa, na lazima tuseme ukweli: yalisaidia. Women for Women International, kwa mfano, iko Kongo tangu 2004 na imefundisha wanawake wengi wa Walungu. Ila masomo yake ni ya mwaka mmoja. Mwaka wa pili, beseni njo inaendelesha.

Kwa MUSO kuna sanduku tatu. Ya kijani ni ya kukopeshana. Ya bluu ni ya pesa inayotoka inje. Nyekundu ni ya shida: kifo, ugonjwa, kuzaa. Cha kushangaza ni hiki: pesa ukiweka katika nyekundu hairudi. Haikopeshwi, hairudishwi mwisho wa mwaka. Unatoa franka 200 ukijua pengine itazika bibi ya mtu ambaye hata haukuwa unasalimiana naye. Na mama aliniambia kwamba kwao hawakumsaidia mwanachama peke yake. Wajane na wasichana waliotoka msituni na mimba, wasio na kitu cha kuuza, walisaidiwa kwanza na nyekundu, kisha wakapewa mkopo mdogo wa kijani ili nao waanze kuuza kitu. Hiyo faida ya sambaza ikawa mfuko wa huruma wa kijiji.

Sisemi walikuwa malaika. Kaye inaonyesha magomvi. Kuna bwana aliyechukua mkopo kwa jina la bibi yake akaunywa. Kuna mama aliyenyimwa nyekundu kwa sababu alikuwa na malimbikizo, na mtoto akafa. Mama yangu alipofika kwenye huo ukurasa aliugeuza haraka.

Mwezi wa pili 2025 M23 ilipoingia Bukavu, benki zilifunga milango. Wenye mishahara tulibaki na simu zinazoonyesha pesa tusiyoweza kushika. Misaada ya Amerika nayo ilikuwa imekatwa mwezi mmoja mbele. Katika kikundi cha mama, nyekundu ilitoa kwa wiki tatu, kisha ikakauka, maana waliokuwa wanauzia Bukavu hawakupita tena barabara. Sanduku haina nguvu kuliko beseni zinazoijaza. Walianza tena na franka 100.

Nilimuuliza mama kama nyingine ziko wapi, za tangu mwanzo. Amebaki na tatu. Anasema wengine walizitumia kufungia karanga sokoni, karatasi ilikuwa bei. Nimeanza kuzipiga picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Kama nyumbani kwenu mama ana kaye ya MUSO, muulizeni usiku huu, mbele hajauza karanga.