Thika Iliitafuta Miwani Hii Kabla Haijapewa Jina

Ngoliba kuna jua kali. Ukitoka Thika kuelekea huko, mashamba ya mananasi yanabaki nyuma, ardhi inaanza kukauka na mlima Kilimambogo unajitokeza mbele. Kwa mwendesha bodaboda wa sehemu kama hizi miwani ya giza si urembo: kuna mwanga mkali, kuna vumbi, kuna wadudu wanaogonga uso pikipiki ikishika kasi. Mtu akifika stejini akiwa amevaa miwani janja ya Ray-Ban Meta, hakuna atakayegeuka kumtazama mara ya pili. Fremu ni ileile nene, nyeusi. Ila kwenye pembe moja kuna jicho dogo la kamera, kwenye pembe ya pili kuna taa ndogo, na ndani ya mikono ya miwani mna spika, maikrofoni na betri. Uzito wote ni gramu 50 hivi.

Mvaaji anauliza kwa sauti karatasi aliyoishika imeandikwa nini. Kamera inapiga picha, simu iliyo mfukoni inaipeleka kwenye intaneti, na jibu linarudi sikioni. Mwenye macho mazima anaweza kuishi vizuri bila hayo. Asiyeona anasomewa maelezo ya dawa yake bila kumsubiri jirani arudi kutoka shambani.

Hapo ndipo Thika inapoingia katika historia ya miwani janja, na inaingia mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilianzisha mjini Thika shule ya watoto wasioona, ya kwanza ya aina yake nchini Kenya. Zana kuu ya elimu hiyo ilikuwa nukta nundu, maandishi ya Breli. Ukiziandika kwa mkono, karatasi inabanwa kwenye kibao chenye vijidirisha, kisha mwandishi anatoboa nukta moja moja kwa kalamu ya ncha ya chuma. Anaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa imegeuzwa, ili karatasi ikipinduliwa vidole vikute maneno yamekaa sawa. Ukurasa mmoja unachukua muda, na vitabu vya Breli ni vinene, vizito na ghali. Mtoto aliyetaka kusoma gazeti la siku hiyo alilazimika kumtafuta mtu wa kumsomea. Shule ya sekondari ya wasioona ilifuata hapo Thika mwaka 1967, na tatizo likapanda darasa pamoja na wanafunzi.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 2009. Shirika la inABLE, lililoanzishwa na Irene Mbari-Kirika, lilianza kuweka maabara ya kompyuta katika shule ya msingi ya wasioona Thika. Kompyuta hizo zilikuwa na programu ya kusoma kwa sauti kila kilichoko kwenye skrini. Kwa maoni ya mwandishi huyu, miwani janja ya Thika ilizaliwa siku hizo, ingawa hakuna aliyeiita hivyo: mtoto asiyeona aliweza kusomewa na mashine, kwa mwendo anaoutaka yeye, mara nyingi kadiri anavyotaka. Kilichobaki kilikuwa kuitoa mashine mezani na kuiweka usoni.

Ughaibuni kazi hiyo ilikuwa imeshaanza, kwa sababu nyingine kabisa. Miaka ya 1980, Steve Mann wa Kanada alikuwa akitembea na kompyuta mgongoni na kioo mbele ya jicho, watu wakimshangaa. Mwaka 2013 Google iliwauzia watu wachache Google Glass kwa dola 1,500. Baa moja mjini Seattle ikaipiga marufuku hata kabla haijaenea, kwa kuwa wateja hawakutaka kunywa mbele ya kamera. Januari 2015 Google ikasitisha mauzo hayo, kisha ikaigeuza miwani hiyo kuwa kifaa cha viwandani. Toleo hilo la viwandani ndilo kampuni ya Envision ya Uholanzi ililolichukua mwaka 2020 na kulifundisha kuwasomea wasioona. Ray-Ban Meta ilipotoka mwaka 2023 kwa dola 299, ilitangazwa kama kifaa cha kupigia picha na kusikilizia muziki. Mwaka uliofuata iliunganishwa na Be My Eyes, huduma iliyoanzia Denmark, inayompa asiyeona mtu wa kujitolea wa kumwangalizia kupitia kamera.

Dola 299 ni takriban shilingi 39,000 za Kenya, kabla ya usafiri na ushuru. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyokuwa kwenye orodha ya kwanza ya mauzo. Tafsiri ya papo kwa papo ya miwani hiyo nayo ilianza na Kiingereza, Kihispania, Kifaransa na Kiitaliano, wala Kiswahili hakikuwamo. Bibi wa Ngoliba anayezungumza Kikuyu au Kikamba bado yuko mbali zaidi.

Kuna pia haki ya anayetazamwa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu kuwa data yake. Sheria hiyo ina meno. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja wake. Zote mbili hazikuhitaji miwani yoyote kufanya kosa hilo. Kamera iliyofichwa kwenye fremu ya kawaida inarahisisha kosa lilelile, na taa yake ndogo ya kuashiria kwamba inarekodi haionekani vizuri kwenye jua la Ngoliba. Anayevaa kifaa hiki sokoni au kwenye matatu aseme wazi kwamba kinarekodi, na akikatazwa akizime.

Kwa upande wa wanaoihitaji miwani hii, Mei 2025 Kenya ilipata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa likitoa fimbo nyeupe na viti vya magurudumu kwa wanaovihitaji. Miwani inayosoma iongezwe kwenye vifaa hivyo, na majaribio yaanzie Thika, kwa watoto wa shule iliyofunguliwa mwaka 1946.