Kitengela: Mji Uliokatwa kwa Hatimiliki

Makao makuu ya Kaunti ya Kajiado yako mjini Kajiado, na hilo halina ubishi. Serikali ya kaunti iko huko, na kabla yake lilikuwako Baraza la Olkejuado, lililobeba jina la Kimaasai la mahali hapo, lenye maana ya mto mrefu. Mji huo uko kilomita zipatazo 80 kusini mwa Nairobi, kando ya reli iliyojengwa katika muongo wa 1910 ili kubeba magadi kutoka Ziwa Magadi. Lakini anayetafuta mji kwa maana ya umati, ghorofa za kupanga, masoko na matatu zinazogombania abiria hana haja ya kwenda mbali hivyo. Ashuke Kitengela, kilomita 30 hivi kutoka jijini. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu huko watu 58,167, na ile ya 2019 ikahesabu 154,436. Katika miaka kumi hiyohiyo kaunti nzima ilitoka watu 687,312 ikafika 1,117,840. Ukijumlisha Kitengela, Ongata Rongai na Ngong, miji mitatu iliyojibanza ubavuni mwa Nairobi, unapata karibu watu wanne katika kila kumi wa kaunti yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 22,000. Waliobaki wametawanyika katika miji midogo na nyika inayofika hadi mpaka wa Tanzania.

Huko Marekani mambo hayo mawili, utawala na ukuaji, mara nyingine yalikwenda pamoja. Austin ilipochaguliwa mwaka 1839 kuwa makao makuu ya Texas ilikuwa kijiji tu. Ofisi zilitangulia, chuo kikuu kikafuata, watu wakaja nyuma yao. Kajiado nayo ilipewa ofisi na reli mapema, ikabaki mji mdogo wa wafugaji na makarani. Kitengela haikupewa chochote. Kwa miaka mingi ilikuwa kituo cha maduka machache kilichoitwa Noonkopir, jina ambalo bado limebaki kwenye mtaa na shule. Kwa hiyo swali la mwanahistoria ni jepesi kuliuliza kuliko kulijibu: kwa nini mji umeota pale ambapo serikali haikupanda kitu?

Jibu linalosikika kila mahali ni kwamba Nairobi ilijaa ikafurika. Kodi ilipanda katika mitaa ya Umoja na South B, watu wakafuata barabara ya Mombasa, wakapita Mlolongo na Athi River, wakakata kulia kuelekea Namanga, mpakani mwa Tanzania. Jibu hilo si uongo, ila ni nusu. Maji yakifurika hutafuta bonde bila kumwomba mtu ruhusa, ilhali mtu anayetaka kujenga hawezi kuhamia mahali asipouziwa. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ardhi ya Kitengela haikuwa na mtu mmoja aliyeweza kuiuza. Kilichoujenga mji huu kwanza ni karatasi: uamuzi wa kugawa malisho ya pamoja na kumpa kila mwanachama hatimiliki yake. Nairobi ilileta wanunuzi. Muuzaji alitengenezwa na sheria.

Mikataba ya 1904 na 1911 kati ya Wamaasai na serikali ya kikoloni iliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa na kisha Laikipia, ikawabana katika hifadhi ya kusini. Nyanda za Kaputiei, ambamo Kitengela imo, zilikuwa sehemu ya hifadhi hiyo. Ng'ombe walilisha kufuata mvua, na ukame ulipozidi sehemu moja mifugo ilihamishiwa nyingine kwa makubaliano ya ukoo na rika. Mwaka 1946 Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilipotengwa upande wa kaskazini, upande wake wa kusini uliachwa bila uzio kwa sababu nyumbu na pundamilia walitoka humo wakati wa mvua kwenda kula nyasi za Kaputiei, wakarudi kiangazi kutafuta maji. Mbuga yenye kilomita za mraba 117 isingetosha peke yake, na waliochora mpaka walilijua hilo. Waliitegemea ardhi ya jirani ambayo hawakuilipia.

Baada ya uhuru, serikali mpya haikupenda ardhi isiyo na jina la mtu. Tume ya Lawrance, iliyotoa ripoti mwaka 1966, ilipendekeza kwamba katika maeneo ya wafugaji ardhi iandikishwe kwa jina la kikundi, na Sheria ya Ardhi ya Wawakilishi wa Vikundi ikapitishwa 1968. Hapo ndipo zilipozaliwa ranchi za vikundi, huku Kaputiei ikiwa uwanja wa majaribio na fedha za Benki ya Dunia zikimwagwa kuchimba visima na kujenga majosho. Nadharia ilikuwa kwamba wanachama wangepunguza mifugo, wangekopa benki kwa dhamana ya ardhi yao na kupeleka ng'ombe wanono kwa Tume ya Nyama iliyoko Athi River. Mambo hayakwenda hivyo. Wawakilishi wa vikundi walitumia madaraka yao kwa namna zilizozua manung'uniko, vijana waliokua baada ya daftari la wanachama kufungwa hawakujua kama ni wanachama au wageni katika boma la baba zao, na watu wenye vyeo walikuwa wamekwisha kujikatia ranchi za binafsi ubavuni. Ukame wa 1984 uliwamaliza wengi. Minong'ono kwamba ardhi ya kikundi ingechukuliwa na wakubwa ilifanya hatimiliki ya mtu binafsi ionekane kuwa ngao.

Mwaka 1988 ranchi ya kikundi ya Kitengela, yenye zaidi ya hekta 18,000, iligawanywa kwa wanachama wake 214. Kwa wastani ni kama ekari 200 kwa mtu. Miaka miwili tu baadaye, 1990, ilipitishwa sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, na eneo kubwa la viwanda hivyo likajengwa Athi River, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wa Kajiado, upande wa Machakos. Marekani ilipofungulia nguo za Afrika soko lake bila ushuru mwaka 2000, viwanda hivyo viliajiri wafanyakazi kwa maelfu. Fundi wa kushona kwa mshahara wa kiwandani hawezi kulipa kodi ya jijini, lakini anaweza kupanga chumba cha mabati Kitengela na kutembea kwenda kazini alfajiri. Mwenye duka naye alimfuata fundi, mwalimu akafuata watoto, na mwenye mkopo wa chama cha akiba akaja kutafuta ploti ya futi 50 kwa 100.

Pingamizi la kwanza ni la haki: kila upande wa Nairobi umekua, hata Ruiru na Juja ambako hakukuwa na ranchi za Wamaasai. Kwa nini basi kuilaumu hatimiliki ya 1988? Hoja hapa haihusu lawama. Inahusu umbo. Ruiru ilirithi mashamba makubwa ya kahawa yaliyonunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika, vyombo vilivyokuwa na wasimamizi na ramani, hata kama ramani hizo zilivurugwa baadaye. Kitengela iliuzwa boma kwa boma. Mmoja alikata ekari tano akalipe karo, jirani akauza hamsini kwa dalali aliyezikata vipande mia kadhaa, wa tatu akakataa kabisa kuuza na ng'ombe wake wakabaki wamezungukwa na kuta za mawe. Mwekezaji mmoja aliacha njia ya mita sita, mwenzake tatu, na mahali pengine barabara inaishia kwenye lango la mtu. Mji wa namna hiyo hauna uwanja wa umma isipokuwa ule ambao mtu aliamua kuutoa, na kaunti ikitaka kupitisha bomba la maji taka lazima ianze kwa kununua kile ambacho miaka 40 iliyopita kilikuwa cha wote. Ndiyo maana magari ya kunyonya vyoo ni sehemu ya mandhari ya Kitengela kama zilivyo bodaboda.

Maji yanasimulia habari ileile. Bomba la Noolturesh linaanzia kwenye chemchemi za mteremko wa Kilimanjaro, karibu na Loitokitok, likapita Kajiado nzima kuelekea Athi River na Machakos. Lilibuniwa wakati Kitengela haikuwa mji wa kuhesabiwa. Mji ulipokuja ulikuta maji yake yameshagawiwa wengine, ukajichimbia visima virefu. Vingi hutoa maji ya chumvi, yanayofaa kuogea na kufulia, na ya kunywa hununuliwa kwa mitungi au kuletwa na boza. Mwenye nyumba anayejitangazia kisima chake kwenye bango la kupangisha hafanyi mbwembwe. Anauza huduma ambayo kwingine ingekuwa kazi ya baraza.

Pingamizi la pili husemwa kwa sauti ya huruma yenye dharau ndani yake: Mmaasai aliuza ardhi kwa sababu hakujua thamani yake, akanunua gari, gari likafa, akabaki maskini. Wapo waliopata hasara ya namna hiyo, na wapo madalali waliotajirika kwa ujinga wa wengine. Lakini ushahidi mzuri zaidi unaonyesha watu waliopiga hesabu. Mwaka 2000 wahifadhi walianzisha mpango wa kukodisha ardhi Kitengela, ambapo mwenye shamba alilipwa takriban shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka ili asijenge uzio, asiuze na asiwasumbue wanyama. Malipo yalitolewa mara tatu kwa mwaka, wakati shule zinapofunguliwa. Ratiba hiyo peke yake inaeleza kilichokuwa kikiuza ardhi. Familia nyingi zilijiunga, jambo ambalo asiyeijali ardhi asingelifanya. Sasa chukua mtu mwenye ekari 200: mpango ulimpa shilingi 60,000 kwa mwaka mzima. Kando ya barabara ya Namanga bei ya ekari moja ilipanda hadi mamilioni, hasa baada ya barabara hiyo kukarabatiwa hadi Arusha. Katika ukame wa 2009 ng'ombe walikufa kwa wingi Kajiado, na ng'ombe aliyekufa hana bei. Aliyeuza ekari mbili mwaka huo alikuwa anaokoa nyumba yake kwa mali pekee iliyokuwa bado hai. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 ilidai kila mauzo yapate kibali cha bodi, na wake na watoto walitakiwa kusikilizwa, lakini bodi ilitazama ploti moja moja. Hakuna aliyekaa kutazama uwanda mzima.

Wanyama waliutazama kwa miguu yao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa Kaputiei walikuwa makumi ya maelfu, na kufikia muongo wa 2010 walikuwa wamebaki elfu chache. Hawakuwindwa wote. Njia zao zilizibwa na uzio, kuta na machimbo ya mawe, safari ya msimu ikakatika. Simba waliobaki walianza kula mbuzi, na Juni 2012 wanakijiji waliwaua simba sita siku moja katika viunga vya Kitengela. Magazeti ya nje yaliandika kana kwamba ugomvi ulikuwa kati ya mfugaji na simba, ilhali wote wawili walikuwa wamesukumwa kwenye kona moja na mtu wa tatu aliyenunua katikati. Inafaa kukumbuka kwamba gavana wa kwanza wa Kajiado, David Nkedianye, aliyeongoza kuanzia 2013 hadi 2017, alikuwa kabla ya siasa mtafiti wa uhusiano wa mifugo na wanyamapori katika nyanda hizihizi. Ujuzi ulikuwapo, na hata mpango wa matumizi ya ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto uliandaliwa enzi za Baraza la Olkejuado. Ila mpango ukija miaka 20 baada ya hatimiliki, unamkuta mwenye hatimiliki ana mawakili.

Pingamizi la tatu nalikubali kwa sehemu kubwa. Wapo wanaosema kwamba kulia juu ya nyasi ni anasa ya asiyehitaji nyumba, kwamba Kitengela imewapa mafundi, walimu na wauguzi kitu ambacho Nairobi iliwanyima, yaani kipande chao wenyewe cha ardhi. Ni kweli, na ndiyo sifa kuu ya mji huu. Hapa mtu wa Kisii, wa Meru, wa Machakos na wa Siaya ni majirani wa ukuta mmoja, lugha ya sokoni ni Kiswahili, na ibada za Jumapili ziko za kila namna. Maziwa ya ng'ombe wa Wamaasai waliobaki yana mnunuzi wa karibu. Linganisha na Konza, upande wa kusini-mashariki, ambako serikali ilitenga ekari 5,000 kwa ajili ya jiji la teknolojia na Rais Kibaki akaweka jiwe la msingi Januari 2013. Konza ilipewa ramani, barabara na mabomba kabla ya wakazi. Kitengela ilipata wakazi kabla ya vyote hivyo, na ndiyo iliyojaa. Anayependa mipango, nami ni mmoja wao, hana budi kulimeza hilo. Hata hivyo uhuru wa mnunuzi una gharama ambayo haimo kwenye bei ya ploti. Inalipwa kidogo kidogo, kwa mtungi wa maji, kwa gari la maji taka, kwa saa mbili za msongamano asubuhi, na kwa ada ya shule ya binafsi kwa kuwa ya umma haikupata mahali pa kujengwa.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ilifuta ile ya 1968, ikalenga kuwapa wanajamii nguvu zaidi juu ya ardhi wanayoimiliki pamoja. Ilikuta sehemu kubwa ya ranchi za Kajiado zimekwisha kugawanywa au ziko foleni, na mabango ya ploti yameshavuka Isinya yakielekea Kajiado mjini. Makao makuu ya kaunti, yaliyoshindwa kuuvuta mji kwa miaka mia moja, huenda yakakutwa na mji uliokuja wenyewe kwa barabara ya Namanga, kipande kwa kipande, kila kimoja na hatimiliki yake.