Ujumbe wa magaidi na Uchaguzi Mkuu: somo la Kitaya kwa Nachingwea na Ruangwa

Tarehe 14 Oktoba 2020, zikiwa zimebaki siku 14 tu kufika Uchaguzi Mkuu, watu wenye silaha walivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji na kuvamia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Watu waliuawa na nyumba zikachomwa moto. Kundi linalojiita Dola la Kiislamu, IS, likatoa tamko kwamba shambulio hilo ni la kwake. Siku kadhaa baadaye aliyekuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, Simon Sirro, alithibitisha kwamba wavamizi walikuwa kama 300 na kwamba walitokea upande wa pili wa mto.

Hesabu hizo "siku kadhaa" kwa makini, kwa sababu ndani yake ndimo ujumbe wa magaidi ulimofanya kazi. Kabla serikali haijasema neno, sauti na picha za video zilikuwa zimeshazunguka kwenye simu za watu wa kusini. Wilaya za Nachingwea na Ruangwa hazigusi Ruvuma. Risasi ya Kitaya haiwezi kusikika Ruangwa mjini. Lakini sauti ya WhatsApp inayosema "wamevuka, wanakuja huku" inafika kabla hata chai haijapoa, na anayeipokea ana kadi ya mpiga kura mfukoni.

Makala haya yanaeleza ujumbe wa aina hiyo unataka nini hasa wakati wa uchaguzi, umewahi kufanya nini kwingineko, na kwa nini huku kwetu unaweza kupata njia rahisi.

Hawana mgombea

Kosa la kwanza tunalofanya ni kudhani kwamba magaidi wanataka chama fulani kishinde. Mara nyingi hawana mgombea. Makundi kama IS na al-Shabaab yanasema wazi kwamba kupiga kura kwenyewe ni kufuru. Januari 2005, siku chache kabla ya uchaguzi wa Iraq, Abu Musab al-Zarqawi alitangaza vita dhidi ya demokrasia yenyewe na wote wanaoishiriki. Siku ya kura, tarehe 30 Januari, vituo vilishambuliwa, lakini zaidi ya nusu ya waliojiandikisha walijitokeza na kutoka na vidole vyenye wino. Huko Afghanistan mwaka 2014, wanamgambo wa Taliban waliwakata vidole watu 11 mkoani Herat kwa sababu vilikuwa na wino wa kura. Ujumbe pale haukuhitaji maandishi.

Kwa hiyo lengo la kwanza ni kukufanya ubaki nyumbani. Lengo la pili ni baya zaidi, nalo halionekani haraka: kukufanya umtazame jirani yako kwa jicho jingine. Wanaoishi kusini wanajua kwamba Ruvuma haijawahi kutenganisha koo. Wamakonde, Wamakua na Wayao wapo pande zote mbili za mto. Watu walikimbilia huku wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, wengine wakabaki, wakaoa, wakalima. Ujumbe unaosema "magaidi wameingia, wanaongea lafudhi ya Msumbiji" unamgusa fundi cherehani ambaye mama yake alizaliwa ng'ambo ya mto. Hakuna kundi lililofyatua risasi Nachingwea, lakini mtu huyo tayari anaogopa kusimama kwenye foleni ya kura.

Lengo la tatu ni kuichokoza serikali ijibu kwa nguvu kupita kiasi, ili wanaoonewa wapate sababu ya kuwasikiliza magaidi. Hili linategemea sana namna serikali inavyojibu, na hapo tuna mengi ya kujifunza kutoka nchi nyingine.

Madrid, Lamu na Nigeria

Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yalilipuka ndani ya treni nne za abiria mjini Madrid, Hispania, na kuua watu zaidi ya 190. Uchaguzi ulikuwa baada ya siku tatu. Serikali ya José María Aznar iliharakisha kusema kwamba wahusika ni ETA, kundi la Wabaski lililokuwa likipigania kujitenga. Ushahidi ukaanza kuelekea kwingine, kwa watu wenye itikadi ya al-Qaida, na jioni ya kuamkia kura ikapatikana kanda ya video ya watu wanaokiri. Wananchi walijaa barabarani kuuliza kwa nini hawaambiwi ukweli. Chama tawala, kilichotazamiwa kushinda, kikashindwa.

Wapo wanaosema kwamba magaidi ndio walioiangusha serikali ile. Kwa maoni yangu hiyo ni kuwapa sifa isiyo yao. Mabomu yalileta msiba, lakini hasira ya siku ya kura ilitokana pia na watu kuhisi kwamba wamedanganywa kuhusu msiba wao wenyewe. Pengo kati ya tukio na ukweli likijazwa na jibu la kisiasa, linageuka kuwa jambo la uchaguzi.

Karibu zaidi na sisi ni Lamu, pwani ya Kenya. Uchaguzi wa Kenya ulikuwa tarehe 8 Agosti 2017. Tarehe 5 Julai al-Shabaab walivamia kituo cha polisi cha Pandanguo, na siku chache baadaye wanaume tisa wakachinjwa katika vijiji vya karibu. Serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje usiku katika kaunti za Lamu, Garissa na Tana River. Fikiria kampeni bila usiku: mgombea hafiki vijijini na wakulima hawana saa ya kumsikiliza. Uchaguzi ulifanyika, lakini mwananchi wa Lamu hakuupata kama mwananchi wa Nairobi.

Lamu ilikuwa na jambo jingine. Miaka mitatu nyuma, Juni 2014, al-Shabaab waliua watu zaidi ya 60 Mpeketoni na maeneo ya jirani, wakajitangaza wenyewe kuwa ndio wahusika. Rais Uhuru Kenyatta akasema kwamba ni mtandao wa kisiasa wa hapo hapo. Ujumbe wa al-Shabaab ulikuwa umeingiza mgogoro wa ardhi, mgogoro wa kweli na wa zamani, ndani ya madai yao. Wanasiasa nao wakaingia humo humo, na mwananchi akabaki hajui amwamini nani.

Nigeria ilikwenda mbali zaidi. Uchaguzi wa Februari 2015 uliahirishwa kwa wiki sita, sababu iliyotolewa ikiwa operesheni za jeshi dhidi ya Boko Haram. Katikati ya wiki hizo kiongozi wa kundi, Abubakar Shekau, alitoa video akiapa kwamba uchaguzi hautafanyika. Ulifanyika tarehe 28 Machi, na Rais aliyekuwa madarakani akashindwa.

Na Msumbiji yenyewe? Vita vya Cabo Delgado vilianza Oktoba 2017 kwa shambulio la Mocímboa da Praia. Oktoba 2019, Wamsumbiji walipopiga kura, baadhi ya vituo vya mkoa huo havikufunguliwa kabisa kwa sababu ya mashambulizi.

Msimu wa korosho

Ujumbe wa magaidi unaofanya kazi vizuri huanza na jambo la kweli. Kwa Kiswahili wanajua kuandika: al-Shabaab na washirika wao wa Kenya walikuwa na jarida lao, Gaidi Mtaani, tangu mwaka 2012. Hawaanzi na bendera nyeusi. Wanaanza na kijana asiye na kazi, na polisi aliyempiga mtu.

Huku kwetu Uchaguzi Mkuu kwa kawaida huangukia Oktoba, na Oktoba ndio mwezi minada ya korosho inapoanza. Mkulima amepeleka mzigo AMCOS, una stakabadhi ghalani, na anasubiri bei itakayotangazwa kwenye mnada wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Watu wana matumaini, wana madeni, na wengine bado wanakumbuka msimu wa 2018, wanunuzi walipogomea bei na serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa kutumia jeshi. Wageni ni wengi pia: madereva wa malori, makuli, wanunuzi, vibarua. Hivyo mambo mawili ambayo ujumbe wa hofu unayatafuta, malalamiko ya kweli na sura ngeni, yanakutana katika mwezi mmoja na kura. Huo si ushahidi kwamba kuna jambo linaandaliwa. Ni sababu ya mtu wa Nachingwea kuwa mwangalifu na simu yake mwezi huo kuliko mwezi Machi.

Tusizidishe pia. Mwaka 2020 waliojitokeza kupiga kura nchini walikuwa asilimia 50.72 ya walioandikishwa, wakati mwaka 2015 walizidi asilimia 67. Itakuwa rahisi kusema ni Kitaya, na haitakuwa kweli. Anguko hilo ni la nchi nzima na lina sababu zake nyingi za kisiasa. Ni mtu wa propaganda tu atakayelidai kuwa ushindi wake.

Neno lenyewe

Wazee wa Nachingwea wana jambo la kutufundisha kuhusu neno "gaidi". Wilaya yao ilikuwa na kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, na Samora Machel aliishi na wapiganaji wake hapo. Wareno waliwaita watu hao magaidi. Mwaka 1975 magaidi hao walikuwa serikali huru ya Msumbiji, na Tanzania iliyowapa ardhi na masafa ya redio ikawa rafiki wa kwanza.

Hii haina maana kwamba waliochinja watu Cabo Delgado ni wapigania uhuru. Maana yake ni kwamba neno hilo lina uzito, na kila mwenye nguvu hutamani kulishika. Mwenyekiti wa CHADEMA wa wakati huo, Freeman Mbowe, alikamatwa Mwanza Julai 2021, akashtakiwa kwa ugaidi, na tarehe 4 Machi 2022 upande wa mashtaka ukaifuta kesi. Kila neno hilo linapotua kwenye siasa za vyama, linapungua nguvu siku linapohitajika kweli. Mwananchi akisikia "magaidi wamevamia kijiji", anauliza kwanza: wa aina gani, wale wa Ruvuma au wale wa jukwaani?

Mtandao ukizimwa

Serikali nyingi hujibu uvumi kwa kufunga njia unakopita. Mwaka 2020 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilisimamisha ujumbe wa simu unaotumwa kwa watu wengi kwa pamoja, kuanzia tarehe 24 Oktoba hadi 11 Novemba, na mkesha wa kura mitandao kama WhatsApp na Twitter ikawa haipatikani. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa.

Kuna hoja ya usalama hapo, haifai kuipuuza. Lakini uvumi hauishi mtandaoni peke yake. Mtandao ukizimwa, video haiji, na kanusho nalo haliji. Inabaki simu ya kawaida, bodaboda aliyetoka Masasi, kijiwe cha bao, na redio. Habari ya bodaboda haina tarehe wala picha ya kukagua, na inaongezeka chumvi kila kituo. Redio iliyokaa kimya siku hiyo kwa hofu inamwachia yeye matangazo yote.

Ukipokea ujumbe wa aina hii

Uliza umetoka lini na wapi. Video nyingi zinazozunguka wakati wa taharuki ni za zamani, za Msumbiji au Somalia, zilizopewa jina la kijiji kingine. Sikiliza lugha, tazama mavazi, majani, udongo: mwezi Oktoba huku kwetu ni ukame, hivyo mahindi mabichi nyuma ya mtu mwenye bunduki yanakwambia kitu. Kama una ndugu kwenye kijiji kinachotajwa, mpigie. Dakika mbili za simu zina thamani kuliko sauti kumi zilizotumwa na mtu aliyetumiwa.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamwadhibu anayesambaza taarifa anayojua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha au kutisha: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Tamko la kundi la kigaidi, hata likiwa la kweli, halikuhitaji mikono yako. Lilitengenezwa likitegemea kwamba utalirusha kwenye kundi la familia ukiwa na nia njema ya kuwaonya.

Kama ujumbe unataja mahali, siku au mtu wa hapa, usiufute na usiupeleke kwenye kundi jingine. Mwonyeshe mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, au piga polisi namba 112, ukieleza nani alikutumia na saa ngapi. Na kama unayemshuku ni mgeni wa msimu wa korosho, muulize kwanza aliyempangisha chumba. Mara nyingi atakutajia jina, kijiji alikotoka na ghala anakobeba magunia.