Ratili 22,300 si kilo 22,300

Nilikuwa nimepotea kidogo, wadau. Kazi za chumba cha habari zimenibana. Leo nimerudi na kisa cha ndege, ila kwanza nieleze kilichonifikisha huko, nacho kinanitia aibu kidogo.

Juzi nilipewa habari ya nje niigeuze kwa Kiswahili. Habari yenyewe ilisema tukio limetokea "kama maili 100" kutoka mji mkuu. Mimi, msomi wa chuo kikuu, nikachukua simu, nikafungua kikokotoo, nikazidisha, nikaandika kwa fahari: "kilometa 160.93". Mhariri wetu mmoja wa siku nyingi (sisi vijana tunamwita Mzee tu) akaniita mezani kwake.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Hizi nukta tisini na tatu umezitoa wapi, kijana? Ulikwenda na futikamba?"

Nikamwambia nimezidisha kwa 1.6093. Akatikisa kichwa, akafuta, akaandika "kama kilometa 160". Halafu akaniuliza kama kemia nilisoma au nilipita tu.

Swali hilo likanirudisha maabara ya kidato cha tatu. Mwalimu wetu alikuwa na ugomvi na vitu viwili. Cha kwanza, jibu lisilo na kipimo. Ukiandika 0.25 ukaishia hapo, atakuuliza mbele ya darasa: "0.25 nini? Embe?" Cha pili, tarakimu za bure. Umesoma bureti mara tatu, 24.30, 24.40 na 24.30, ukagawa kwa tatu ukapata wastani wa 24.3333333, basi ukiuandika wote hivyo umekwisha. Bureti yenyewe ina mistari ya sehemu moja ya kumi tu, hizo 3 nyingine umezionea wapi? Tarakimu za maana, alikuwa anasema, ni zile ambazo chombo chako kinaweza kukutolea ushahidi. Zilizobaki ni uongo wa kikokotoo. Sisi tulimwona mnoko. Tulikariri, tukafanya mtihani, tukasahau.

Sasa twende Canada, mwaka 1983.

Miaka ile Canada ilikuwa inaacha ratili, galoni na futi za Waingereza na kuingia kwenye kilo, lita na mita. Shirika la Air Canada lilikuwa limenunua Boeing 767, ndege mpya kabisa wakati huo, na hizo ndizo zilikuwa za kwanza kwenye shirika kupima mafuta kwa kilo. Ndege zake nyingine ziliendelea na ratili. Yaani mfanyakazi yule yule, uwanja ule ule, asubuhi anahesabu ratili na mchana kilo.

Tarehe 23 Julai, safari namba 143 ilikuwa inatoka Montreal kupitia Ottawa kwenda Edmonton. Mitambo inayoonyesha kiasi cha mafuta mbele ya rubani ilikuwa imezima. Ikabidi wapime kwa mkono, kwa fito maalumu zilizo chini ya matangi, kisha wasome kwenye jedwali ni lita ngapi. Wakapata lita 7,682. Mpaka hapo hakuna aliyekosea.

Ila ndege hailipi kisi na lita, inajali uzito. Safari ilihitaji kilo 22,300. Kwa hiyo lita lazima zigeuzwe kuwa kilo, na hapo unahitaji kujua lita moja ya mafuta yale ina uzito gani. Kwenye karatasi ya mafuta palikuwa na namba: 1.77. Ndiyo namba waliyoizoea miaka yote. Wakazidisha 7,682 kwa 1.77, wakapata 13,597. Wakatoa kwenye 22,300, ikabaki 8,703. Wakagawa tena kwa 1.77, wakaagiza kama lita 4,900 ziongezwe.

Hesabu haina kosa hata moja. Ipige mwenyewe utaona. Tatizo ni kwamba 1.77 ilikuwa *ratili* kwa lita. Kwa kilo, lita moja ya mafuta yale ilikuwa 0.803. Kwenye matangi mlikuwa na kilo 6,169 tu, na walitakiwa kuongeza kama lita 20,000. Ndege ikaondoka na ratili 22,300 badala ya kilo 22,300, yaani chini ya nusu ya mafuta.

Ottawa walipima tena kwa fito. Wakazidisha tena kwa 1.77.

Hapa ndipo ninapokwama kila ninapokisoma kisa hiki. Mafuta ya ndege ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa. Mtoto yeyote aliyewahi kumwaga mafuta ya taa kwenye ndoo ya maji anajua yanaelea juu. Lita ya maji ni kilo moja. Sasa kitu kinachoelea juu ya maji kitakuwaje na kilo 1.77 kwa lita? Kingezama kama jiwe! Lakini hakuna aliyekuwa anawaza ndoo. Waliona 13,597, namba yenye tarakimu tano, imenyooka, inaonekana ya kisomi. Nani abishane nayo?

Nisiwaonee, lakini. Zamani hesabu ya mafuta ilikuwa ya injinia wa ndege, mtu wa tatu chumbani kwa marubani. 767 iliundwa kwa marubani wawili tu, mtu wa tatu akaondolewa, na haikuwa wazi kazi yake amerithi nani. Mafundi walidhani marubani wanajua, marubani wakadhani mafundi wanajua. Hilo sisi wa ofisini tunalifahamu vizuri sana.

Wakiwa futi 41,000 angani, taa za hatari zikaanza kuwaka. Injini ya kushoto ikazima, kisha ya kulia. Ndani mlikuwa na abiria 61 na wafanyakazi 8. Na kwa kuwa umeme mwingi wa ndege ile ulitokana na injini, skrini nyingi mbele ya marubani nazo zikawa giza.

Rubani mkuu, Robert Pearson, alikuwa na mazoea ya kurusha ndege ndogo zisizo na injini, zile zinazoteleza tu hewani. Msaidizi wake, Maurice Quintal, akaanza kupiga hesabu (hesabu tena!) akaona Winnipeg hawafiki. Akakumbuka Gimli, kambi ya jeshi la anga alikowahi kutumikia. Asichojua ni kwamba njia ya kurukia ya zamani ilikuwa imegeuzwa uwanja wa mashindano ya magari, na siku hiyo palikuwa na familia zimepiga kambi na watoto wenye baiskeli. Pearson akailaza ndege ubavu ili ipungue kasi na kimo, kama anavyofanya kwa vile vidogo vyake, akaitua. Gurudumu la mbele likakunjika, pua ikasuguana na lami hadi ikasimama. Hakufa mtu. Ndege ikatengenezwa na ikaendelea kubeba abiria hadi 2008.

Kosa la tarakimu za bure halianguki kutoka angani namna hiyo, ndiyo maana linaishi muda mrefu. Daktari Mjerumani, Carl Wunderlich, alitangaza mwaka 1868, baada ya kupima wagonjwa wapatao 25,000, kwamba joto la kawaida la mwili ni 37 kwa selsiasi. Zidisha kwa 1.8, jumlisha 32, unapata 98.6 za farenhaiti. Hiyo nukta sita haikupimwa na mtu, imezaliwa na zidisho, lakini Wamarekani wameikariri vizazi na vizazi kana kwamba ukiwa na 98.9 umeanza kuumwa. Mwaka 1992 watafiti walipowapima watu wazima wenye afya walipata wastani wa 98.2, na mtu na mtu walitofautiana sana.

Baada ya kusoma haya nikafukua habari zangu za zamani. Nikakuta moja ya mgogoro wa ardhi: "hekta 101.17". Nikaipeleka kwa Mzee kabla hajaiona mwenyewe.

"Asili yake ilikuwa ngapi?"

"Ekari 250, Mzee."

"Nani alizipima?"

Nikamwambia ukweli. Mwenyekiti wa kijiji alisimama juu ya kichuguu, akanyoosha mkono kutoka mwembe mmoja hadi mwingine, akasema kama ekari mia mbili na hamsini hivi. Mzee akanitazama, akarudi kwenye chai yake.