Archie Cochrane: Daktari Mateka na Hamira ya Magendo

Leo tunakwenda mbali kidogo, hadi mji wa Thessaloniki nchini Ugiriki, mwaka 1941. Hapo palikuwa na kambi ya mateka wa vita iliyosimamiwa na jeshi la Ujerumani. Ndani yake walikuwamo watu wapatao 20,000, na kwa muda mrefu daktari wao alikuwa mmoja tu, naye ni mateka kama wao: Archie Cochrane, Mskoti wa miaka 32.

Vita havikuwa vigeni kwake. Baba yake aliuawa vitani mwaka 1917, yeye akiwa mtoto wa miaka minane. Mwaka 1936, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini London, aliacha masomo akaenda Uhispania kuhudumia majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Akarudi, akamaliza masomo mwaka 1938, kisha akaingia jeshini kama daktari. Wajerumani walipokiteka kisiwa cha Krete, walimkamata huko.

Chakula cha mateka kilikuwa kama kalori 600 kwa siku. Ili uelewe, mgao kamili wa mkimbizi hukadiriwa kuwa kalori 2,100. Karibu kila mtu aliharisha. Ikaja homa ya matumbo, likaja dondakoo, macho ya watu yakawa manjano. Dawa alizokuwa nazo ni aspirini, dawa ya kiungulia na dawa ya kusafishia ngozi, basi. Alipoomba aongezewe madaktari, daktari wa jeshi la Ujerumani alimjibu kwamba madaktari hawana haja. Cochrane alikasirika mno. Lakini jibu hilo halikumtoka kichwani, kwa sababu alikuwa ametarajia mamia wafe kwa dondakoo peke yake, na katika kipindi kile walikufa wanne tu, watatu kati yao kwa risasi za Wajerumani. Sasa, kama hakuwa na dawa, ni nini kilichowaponya wale wengine?

Kisha miguu ikaanza kuvimba, hata yake mwenyewe. Waliowahi kuona njaa wanaujua uvimbe ule: ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Cochrane akakumbuka habari za James Lind, daktari wa meli wa karne ya 18, aliyewagawa mabaharia wagonjwa mafungu mafungu na kuona kuwa machungwa na malimau ndiyo yaliyowasaidia. Akachagua vijana 20 waliovimba hadi juu ya magoti, akawaweka katika vyumba viwili, kumi kumi. Chumba kimoja walipewa hamira kila siku, hamira aliyoinunua kwa magendo. Chumba cha pili walipewa vitamini C aliyokuwa ameiweka akiba. Hakuwa na vyombo vya kupimia mkojo, kwa hiyo akahesabu kila mtu amekwenda haja ndogo mara ngapi.

Siku mbili za kwanza hakukuwa na tofauti. Siku ya tatu kukawa na dalili. Siku ya nne, wanane kati ya kumi waliokula hamira walisema wanajisikia nafuu. Katika chumba cha pili, hakuna hata mmoja.

Akaandika hesabu zake, akawapelekea Wajerumani bila matumaini makubwa. Kwa mshangao wake, hamira ililetwa, tena nyingi, na uvimbe ukapungua kambini. Miaka mingi baadaye alisema wazi kuwa jaribio lile lilikuwa baya: watu wachache, siku chache, na huenda hata ugonjwa wenyewe aliudhania sivyo. Si madaktari wengi wanaoweza kusema hivyo kuhusu siku yao ya ushindi.

Baada ya vita alikwenda Wales kuchunguza mapafu ya wachimba makaa ya mawe. Mwaka 1972 akatoa kitabu kilichowauliza madaktari wenzake swali moja gumu: dawa mnazotoa, mmezijaribu mkajua kweli zinaponya? Alifariki mwaka 1988. Mwaka 1993 wataalamu walianzisha mtandao wa kimataifa wenye jina lake, unaokusanya majaribio ya tiba na kuyapima kwa pamoja. Nembo yake inaonyesha majaribio ya sindano ya bei nafuu ya kukomaza mapafu ya mtoto, anayochomwa mama aliye katika hatari ya kujifungua kabla ya wakati. Majaribio yalikuwapo, lakini kwa miaka mingi wengi hawakuitumia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameyaweka pamoja.

Kuna jambo moja ambalo Cochrane alilificha kwa muda mrefu kwa kuona haya. Katika hospitali ya mateka huko Elsterhorst, Ujerumani, usiku mmoja aliletewa kijana wa Kisovieti aliyekuwa akifa kwa ugonjwa wa mapafu, akipiga mayowe. Wodi ilikuwa imejaa watu waliolala, akamweka chumbani mwake. Alidhani ni maumivu ya kifua, akampa aspirini, haikusaidia. Hakuna aliyejua Kirusi. Mwishowe, bila kufikiri, alikaa kitandani akamkumbatia. Mayowe yakakoma papo hapo. Kijana alikufa kwa utulivu saa chache baadaye, mikononi mwake. Hayakuwa maumivu ya kifua yaliyomliza. Ulikuwa upweke.