Nyota ya Bati Haikufika Pangani

Sinema ya kauboi ninayoirudia mara nyingi ni Pat Garrett and Billy the Kid ya Sam Peckinpah (1973). Sherifu anamsaka jambazi ambaye zamani alikuwa rafiki yake. Unaweza kumhurumia Billy, na mimi humhurumia kila mara, lakini swali la nani mwenye sheria limeshajibiwa kabla taa hazijazimwa.

Garrett wa kweli alimpiga Billy risasi Julai 1881. Miaka minane baadaye, tarehe 15 Desemba 1889, Wadachi wakamnyonga Abushiri bin Salim huko Pangani. Ukiziweka hadithi hizi mbili pamoja, ya kwetu ndiyo ngumu zaidi, maana ile nyota ya bati huioni kifuani kwa yeyote.

Agosti 1888 kampuni ya biashara ya Kijerumani iliingia miji ya Mrima, Pangani na Bagamoyo ikiwemo, mkononi ina mkataba wa Sultani wa Unguja. Ikapandisha bendera yake, ikataka ushuru. Sasa huyo Sultani mwenyewe Abushiri alikuwa hamtambui siku nyingi! Sheria ya kukodi, tena kutoka kwa mtu asiyetiiwa. Pwani ikawaka, na Berlin ikamtuma Hermann Wissmann na askari wa mshahara, wengi wao Wasudani waliokusanywa Misri. Mei 1889 akaivunja ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo.

Simtakasi Abushiri. Alikuwa na mashamba ya miwa, na watumwa wa kuyalima. Alimteka msafiri Hans Meyer akamwachia kwa rupia 10,000. (Ndiye Meyer yule yule aliyefika kileleni Kilimanjaro Oktoba 1889, wakati mtekaji wake anawindwa bara.) Hapo jambazi anaonekana, nakubali. Ila Bwana Heri wa Saadani naye alipigana na Wadachi hao hao, akajisalimisha Aprili 1890, akasamehewa. Kama ni sheria, mbona mmoja kitanzi na mwenzake msamaha?

Halafu kuna suala la nani anasimulia. Mwaka 1882 kilitoka kitabu cha maisha ya Billy, jina la mwandishi juu yake: Pat Garrett. Muuaji ndiye msimulizi. Wissmann naye alijengewa sanamu Dar es Salaam mwaka 1909, askari Mwafrika akiwa chini yake anamtazama juu. Waingereza waliiondoa, ikapelekwa Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha mwaka 1968.

Upande wetu alisimulia Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, katika utenzi tunaoujua kwa jina la Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Litazame hilo neno kutamalaki. Ni kushika nchi na kuifanya milki yako. Katika jina zima hakuna sherifu wala jambazi. Kuna Wadachi, kuna Mrima, na kuna kilichotendwa.